Escrow ya Tegeta na viti vitatu vya Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 29 Novemba 2014 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha mjini Dodoma maazimio kuhusu takriban shilingi bilioni 306 zilizokuwa zimetolewa katika akaunti ya Escrow ya Tegeta, yaani akaunti ya kutunzia fedha zenye mgogoro, iliyokuwa Benki Kuu. Kashfa hiyo imeandikwa sana kama habari ya Dar es Salaam, kwa kuwa mitambo iko Tegeta na mabenki yako katikati ya jiji, lakini sura yake ya kibunge ilikuwa kwa sehemu kubwa ya huku kwetu. Aliyekalia kiti cha Spika alikuwa Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini. Makamu mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, maarufu kama PAC, alikuwa Deo Filikunjombe wa Ludewa. Na miongoni mwa wenyeviti watatu wa kamati ambao Bunge liliazimia wavuliwe nyadhifa zao alikuwamo Victor Mwambalaswa wa Lupa, wilayani Chunya, aliyekuwa akiongoza Kamati ya Nishati na Madini. Kwa hiyo wapiga kura wa nyanda hizi walikuwa na mwakilishi katika kiti cha usimamizi, katika kiti cha mshtaki, na katika orodha ya waliotajwa. Ni mara chache kisa kimoja kinatoa nafasi ya kupima uwajibikaji wa wabunge kwa ukamilifu namna hii, na ndiyo maana nimeona kinafaa kuchambuliwa upya, hatua kwa hatua, hadi kwenye sanduku la kura na hata baada yake.

Mzizi wa jambo ni mkataba wa Mei 1995 kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL, ambayo asilimia 70 ya hisa zake ilikuwa ya Mechmar ya Malaysia na asilimia 30 ya kampuni ya Kitanzania ya VIP Engineering and Marketing. IPTL ilikubaliwa kuzalisha megawati 100 kwa mafuta kwa miaka 20. Ulikuwa mkataba wa namna ambayo taifa letu limeizoea: mnunuzi hulipa tozo kila mwezi kwa ajili ya mitambo kuwa tayari, umeme uwe umezalishwa au haukuzalishwa. Ugomvi kuhusu gharama halisi za ujenzi ulipelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, uzalishaji ukaanza mwaka 2002, kisha ugomvi mwingine ukazuka kuhusu kiwango cha tozo, TANESCO ikidai kwamba inatozwa kupita kiasi. Mwaka 2006 ikakubaliwa kwamba malipo yanayobishaniwa yawekwe katika akaunti maalumu Benki Kuu, yasiguswe na upande wowote hadi ijulikane nani anastahili kiasi gani. Hiyo ndiyo akaunti ya Escrow, na msingi wake wote ni neno hilo moja la kusubiri.

Hawakusubiri. Septemba 2013 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliokabidhi mambo ya IPTL kwa kampuni ya PAP, iliyosema imenunua hisa za Mechmar, na kuanzia mwishoni mwa mwaka huo fedha zikaanza kutoka Benki Kuu. Februari 2014, yaani miezi michache tu baadaye, baraza la usuluhishi la kimataifa la ICSID, ambako benki ya Standard Chartered ya Hong Kong ilikuwa inadai deni la IPTL, lilielekeza kwamba tozo zile zikokotolewe upya. Maana yake ni kwamba swali lililoifanya akaunti ifunguliwe lilikuwa bado halijajibiwa wakati akaunti inafungwa. Mtu anaweza kubishana kuhusu nani alikuwa mmiliki halali wa fedha hizo, na mabishano hayo yana hoja za kisheria pande zote, lakini sijaona maelezo yanayoridhisha kuhusu kwa nini haraka ilikuwa kubwa kiasi kile.

Wakati huohuo, kuanzia tarehe 1 Januari 2014, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, iliridhia bei ya umeme ipande kwa wastani wa asilimia 39.19, kwa sababu TANESCO ilikuwa hoi kifedha. Yenyewe ilikuwa imeomba karibu asilimia 68. Mwenye mashine ya kusaga Makambako, mwenye kiwanda kidogo cha mbao Mafinga na mwenye saluni Mwanjelwa walianza mwaka kwa kununua uniti zilezile kwa fedha nyingi zaidi. Sidai kwamba bei ilipanda kwa sababu ya Escrow peke yake. Ukame, mafuta na mitambo ya dharura vilikuwa na sehemu kubwa. Hata hivyo shirika ambalo lilikuwa linaomba wateja wake wabebe mzigo mpya ndilo lililokuwa na madai katika fedha zilizokuwa zimetoka wiki chache kabla, na mteja wa Mafinga hakuulizwa wala hakuambiwa.

Aliyelipeleka jambo bungeni kwa nguvu mwaka 2014 ni David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini. Majibizano yake na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, yalifika mahali pa kuitana tumbili na mwizi, na watu wengi wanakumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Kilichokuwa na uzito zaidi ni kazi ya kimya iliyofuata: ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambao ulikabidhiwa kwa PAC chini ya mwenyekiti wake, Zitto Kabwe wa CHADEMA, na makamu wake Filikunjombe. Serikali ilijitetea kwamba fedha zile hazikuwa za umma bali za IPTL, kwamba kulikuwa na amri ya mahakama, na kwamba kulikuwa na hati ya kinga iliyoihakikishia kutodaiwa tena. Utetezi huo haukuwa wa kipuuzi. Rais Jakaya Kikwete mwenyewe aliurudia kwa kirefu alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 22 Desemba 2014. Lakini PAC ilikuwa na majibu: katika fedha zile kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ambayo haikufika hazina, kulikuwa na sehemu ambayo TANESCO ingeweza kurudishiwa baada ya hesabu mpya, na umiliki wa PAP wenyewe ulikuwa na maswali mazito ya nyaraka. Hoja hizi zilisimama kwa sababu zilikuwa na kurasa za mkaguzi nyuma yake. Mbunge asiye na ripoti ya mkaguzi mkononi hubaki na sauti tu, na serikali yoyote inajua namna ya kuishinda sauti.

Hapa ndipo nafasi ya Filikunjombe inapohitaji kutazamwa kwa utulivu. Alikuwa mbunge wa CCM, chama kinachotawala, kutoka wilaya ambayo ilikuwa inahitaji sana hisani ya serikali: barabara ya Ludewa ilikuwa ya vumbi na matope, na makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga vilikuwa, kama vilivyoendelea kuwa, ahadi ya kila kampeni. Busara ya kawaida ya siasa zetu inamwambia mbunge wa namna hiyo anyamaze ili jimbo lisikose. Yeye Aprili 2012, baada ya ripoti za mkaguzi za mwaka huo, alikuwa miongoni mwa wabunge wachache sana wa CCM waliotia saini kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Kura yenyewe haikupigwa, lakini tarehe 4 Mei 2012 Rais alibadilisha baraza na mawaziri sita wakaachwa nje. Novemba 2014 akasimama tena na mwenyekiti wake wa upinzani kuitetea taarifa ya PAC. Mjadala ulirushwa moja kwa moja, na watu wa Njombe, Iringa na Mbeya walioufuata kwenye vibanda na sebuleni waliweza kumwona nani anasema nini na nani anazunguka.

Maazimio yaliyotoka yalikuwa makali, ingawa yalipunguzwa makali njiani. Taarifa ya PAC ilikuwa imemgusa pia Waziri Mkuu. Azimio la mwisho halikumtaja. Lililobaki lilitaka mamlaka ya uteuzi itengue uteuzi wa Werema, wa Waziri wa Nishati na Madini Sospeter Muhongo, wa Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka na wa Katibu Mkuu wa Nishati Eliakim Maswi, na kwamba wenyeviti wa kamati Andrew Chenge, William Ngeleja na Mwambalaswa waondolewe katika nafasi hizo. Utekelezaji ulikuja kwa mafungu. Werema alijiuzulu katikati ya Desemba. Tibaijuka, ambaye alikuwa amepokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mmiliki wa VIP, James Rugemalira, na kusema zilikuwa mchango wa shule, aliondolewa na Rais siku ile ya wazee. Maswi alisimamishwa, kisha akasafishwa. Muhongo alijiuzulu tarehe 24 Januari 2015. Wafadhili, ambao walikuwa wamezuia mamia ya mamilioni ya dola ya msaada wa bajeti, walianza kulegeza. Kwa mtazamaji wa mbali ilionekana Bunge limeshinda.

Tuangalie sasa mwaka uliofuata, kwa kuwa humo ndimo uwajibikaji unapopimwa. Machi 2015 Zitto alipoteza ubunge baada ya CHADEMA kumfukuza uanachama. Ugomvi wake na chama ulikuwa wa siku nyingi na haukuhusu Escrow, lakini matokeo yake ni kwamba kiti cha mwenyekiti wa PAC kilibaki wazi miezi minne tu baada ya maazimio. Tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta huko Selous. Uchaguzi wa Ludewa ukaahirishwa. Kafulila alishindwa jimboni kwake. Upande wa pili wa orodha, Tibaijuka alirudishwa na wapiga kura wa Muleba Kusini, Ngeleja na wa Sengerema, Chenge na wa Bariadi, Mwambalaswa na wa Lupa. Muhongo naye alichaguliwa Musoma Vijijini na Desemba 2015 akarudishwa wizara ileile. Mwaka 2016 Chenge akawa mmoja wa wenyeviti wa Bunge wanaoongoza vikao.

Lazima niseme kwa haki kwamba azimio la Bunge si hukumu ya mahakama, na hakuna hata mmoja wa wanasiasa hawa aliyetiwa hatiani kwa Escrow. Kuvuliwa uenyekiti wa kamati si sawa na kuwa na hatia ya wizi, na mpiga kura wa Chunya aliyemrudisha mbunge wake mwaka 2015 alikuwa na haki yake kamili. Swali langu ni jingine: mpiga kura huyo alipewa nini cha kupimia? Zitto alirudi kwa tiketi ya chama kipya, Kigoma Mjini, kwa hiyo si kweli kwamba wananchi hawathamini kazi ya usimamizi. Lakini kazi hiyo haionekani jimboni. Bati za zahanati zinaonekana, mabomba yanaonekana, jezi za timu ya kata zinaonekana, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao kamati yake inaongozwa na mbunge mwenyewe, umemfanya mbunge afanane zaidi na mgawaji wa fedha kuliko msimamizi wake. Ibara ya 63 ya Katiba inasema kazi ya Bunge ni kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika mikutano ya kampeni ibara hiyo haitajwi. Mgombea huulizwa ameleta nini.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo naona ndilo kiini, na ambalo halizungumzwi vya kutosha. Maazimio mengi ya Bunge hupitishwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na Spika anatangaza kilichoshinda. Taarifa rasmi za Bunge zinahifadhi hotuba, ila hazihifadhi nani alisema ndiyo. Mkazi wa Ludewa, Makete au Rungwe anayetaka kujua mbunge wake alisimama wapi usiku ule atapata hotuba kama mbunge alizungumza, na kama hakuzungumza hatapata kitu. Bajeti kuu ya serikali hupigiwa kura kwa kuita majina, mmoja mmoja, kwa hiyo Bunge linaweza likitaka. Kinachokosekana ni ulazima wa kufanya hivyo kwenye taarifa za PAC na kamati ya hesabu za serikali za mitaa, yaani pale hasa ambapo fedha za umma zinajadiliwa. Januari 2016 mambo yakawa magumu zaidi, serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa hoja ya gharama. Kupunguza gharama ni jambo jema. Ni ajabu tu kwamba lilianzia kwenye kamera.

Kipo pia kikwazo cha Ibara ya 71. Wapiga kura hawawezi kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano kwisha, hata wakikusanya saini za jimbo zima, lakini chama kikimfukuza uanachama kiti kinapotea mara moja. Mbunge anayefikiri sawasawa atajua nani wa kumwogopa. Tunapomlaumu mbunge wa Nyanda za Juu Kusini kwamba anaitetea serikali kuliko jimbo, tunalaumu tabia ambayo Katiba yenyewe imeipa mshahara. Filikunjombe alipinga mkondo huo, na ndiyo maana anakumbukwa, lakini mfumo unaotegemea mtu mmoja kuwa jasiri si mfumo wa uwajibikaji.

Mtu anaweza kusema kwamba Escrow ilikuwa ya pekee, lakini haikuwa hivyo. Miaka sita kabla, mbunge mwingine wa nyanda hizi, Harrison Mwakyembe wa Kyela, aliongoza Kamati Teule kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, uliosainiwa mwaka 2006 kwa ajili ya megawati 100 na baadaye ukahamishiwa Dowans. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008, na tarehe 7 ya mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa, ambaye daima alikana kosa, alijiuzulu pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Baraza zima likavunjika. Kisha mwishoni mwa 2010 usuluhishi wa kimataifa ukaamuru TANESCO iilipe Dowans dola zaidi ya milioni 65. Na mwaka 2015 Lowassa, akiwa mgombea urais wa upinzani, alipata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Mfuatano ni uleule wa Escrow: kamati inafanya kazi nzuri, vyeo vinaondoka, ankara inabaki kwa mteja wa umeme, na wapiga kura wanaendelea kama vile kilichotokea kilikuwa ugomvi wa wakubwa.

Ankara ya Escrow yenyewe ilifika Septemba 2016, ICSID ilipoamuru TANESCO iilipe Standard Chartered ya Hong Kong dola milioni 148.4 pamoja na riba. Fedha zilizowekwa pembeni kwa ajili ya mgogoro huohuo zilikuwa zimeshaondoka. Juni 2017 Harbinder Singh Sethi wa PAP na Rugemalira walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya uhujumu uchumi na utakatishaji wa fedha, na mwezi uliofuata Ngeleja alitangaza kurudisha serikalini shilingi milioni 40.4 alizokuwa amepokea. Washtakiwa walikaa mahabusu miaka minne bila kesi kusikilizwa hadi mwisho. Mwaka 2021 Sethi aliachiwa baada ya makubaliano ya kukiri kosa, akitakiwa kulipa fidia ya shilingi bilioni 26.9, na Rugemalira akaachiwa baada ya mashtaka dhidi yake kuondolewa. Yeyote anayejua kutoa bilioni 26.9 kutoka bilioni 306 anaweza kuona pengo lenyewe. Katika Bunge la sasa, maswali kuhusu pengo hilo yangepaswa kuulizwa na PAC, ambayo haijafungwa na maisha ya kisiasa ya wenyeviti wake na ambayo inaweza wakati wowote kuitaka serikali ilete taarifa ya utekelezaji wa maazimio ya 2014, azimio kwa azimio. Mbunge wa Ludewa, wa Lupa au wa Njombe Mjini hahitaji kuwa mjumbe wa kamati ili kuomba hilo. Swali la msingi la maandishi linatosha, na jibu lake litaingia kwenye taarifa rasmi pamoja na jina la aliyeuliza.